Fahali Aitwaye Digrii

Kitendawili!

Sema "tega," usinitazame hivyo. Haya: nimelima shamba la jirani, mavuno yameota kwangu.

Si nyuki. Si mwizi pia. Wewe nawe, mwizi analima lini? Fikiri taratibu. Na ukishindwa usiharakishe kunipa mji, maana katika habari hii yumo mtu aliyegawa miji kwa mdomo wake mwenyewe, akabaki hana hata kitongoji.

Mtu huyo ni Anatoli wa Nyakitonto. Kwa sura alikuwa kijana wa heshima. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kumenya muhogo. Lakini mali yake kubwa ilikuwa mdomo. Anatoli angeweza kumuuzia mtu wa Kasulu baridi ya mwezi wa saba, na mnunuzi akaomba afungiwe vizuri asije akaimwaga njiani.

Alikuwa akisoma mwaka wa mwisho kwenye tawi moja la chuo kikuu pale Kasulu. Masomo yote alikwisha kuyapita, kwa njia ambazo ni Mungu na mashine ya kudurufu ndio wanaozijua. Lilibaki moja tu, Uchumi wa Awali, somo la watoto wa mwaka wa kwanza, ambalo alilibeba mgongoni mwaka hadi mwaka kama mtoto aliyekataliwa na shangazi zake wote. Akifeli safari hii angepewa sapu, yaani mtihani wa marudio. Akifeli sapu, ni disko. Wanafunzi huita disko kule kufukuzwa chuo moja kwa moja, ingawa muziki haupigwi na anayecheza ni mmoja.

Na disko la Anatoli lingesikika mbali. Siku alipoingia chuo, mama yake, Mama Theodosia, alinunua ndama akampa jina la Digrii, achinjwe siku ya mahafali. Ndama alikua akawa fahali mwenye nundu kama mzigo wa msafiri. Kila Jumapili baada ya misa watu walimuuliza, "Mama Theodosia, Digrii inaendeleaje?"

"Inanenepa, namshukuru Mungu."

Katekista alikwisha kuomba awekewe maini. Kwa hiyo Anatoli hakuwa na pa kufelia. Nyakitonto ni padogo, na yule fahali alikuwa mkubwa.

Basi mwaka huo akaja mhadhiri mpya wa Uchumi, Madam Mwamvua, mwenyeji wa Tanga, aliyefundisha akiwa amevaa koti mpaka saa sita mchana. Wiki moja alikuwa Kasulu, wiki nyingine alikwenda kufundisha somo hilohilo kwenye tawi la Kibondo. Siku ya kwanza tu alisimama mbele akatangaza msiba.

"Kazi zenu za nyumbani zitakuwa mtandaoni, kila wiki. Mfumo unasahihisha wenyewe. Kila mtu anapewa hesabu zenye tarakimu zake, kwa hiyo kunakili ni kupoteza bando. Ukikosea, unajaribu tena. Na chini ya kila swali kuna kisanduku, mnieleze sababu kwa maneno yenu. Kiswahili ruksa. Kiingereza cha kunakili nimekisoma mpaka macho yanawasha. Mlango unafungwa Jumapili jioni."

Darasa zima likaugua kama wodi.

"Madam, na sisi wa kwaya?" akauliza Dorcas Ndayikunda, binti wa Rungwe Mpya, mwenye macho ya kuuliza kuliko mdomo.

"Jumapili imbeni, Jumamosi kokotoeni."

Watu wengine wakisikia kilio huuliza nani amefariki. Anatoli, aliyekaa kiti cha nyuma kabisa kama mzee wa baraza, huuliza nani anauza sanda.

Mchana ule aliwakuta wenzake kwa Mama Uwimana, mama lishe wa nje ya geti la chuo, wanakula ugali wa muhogo kwa huzuni.

"Poleni, wadogo zangu," akasema, akavuta kiti. "Mnajitesa bure. Mimi nina mtaalamu."

"Yuko wapi?"

"Dodoma."

"Anaitwa nani?"

"Mtaalamu ukishamjua jina si mtaalamu tena, ni jirani."

"Na akikosea?"

"Mtaalamu hakosei. Huwa anatofautiana na mfumo."

Ndugu msikilizaji, hivyo ndivyo watu wenye vyeti vya kidato cha sita walivyotoa namba zao za usajili na paswedi zao. Bumu la mkopo lilikuwa limeingia wiki ileile, hivyo walilipa vizuri. Ambaye bumu lake lilichelewa alileta tangawizi. Mmoja alileta jogoo, na jogoo naye akapokelewa kwa heshima zote za kitaaluma.

Anatoli akarudi chumbani, akafungua kazi ya kwanza. *Mama mmoja wa soko la Kasulu amepandisha bei ya tangawizi.* Hapo alielewa. Sentensi ya pili ilimtaka atafute unyumbufu wa mahitaji. Akafunga simu, akamtazama jogoo. Dodoma hakukuwa na mtaalamu. Dodoma Anatoli mwenyewe alikuwa hajafika.

Mtu wa kawaida angerudisha tangawizi za watu. Anatoli alipanda Hiace kwenda Kibondo. Huko nako aliwakuta wanafunzi wa Madam Mwamvua wanaugua ugonjwa uleule, akawapa dawa ileile, isipokuwa kwao mtaalamu alihamia Dar es Salaam kwa sababu za kikazi. Paswedi zikaja. Zikaja na asali.

Baada ya hapo ndipo alipofanya lile jambo ambalo, lingefanywa na mtu mwaminifu, lingeitwa akili. Alimfuata mwanafunzi mmoja wa Kibondo aitwaye Isack, kijana aliyekulia kwenye biashara ya sabuni na vocha karibu na lango la kambi ya wakimbizi.

"Isack, mdogo wangu, wewe si mtu wa kawaida."

"Nimefanya nini tena?"

"Mtaalamu kazi zimemzidi. Anatafuta msaidizi mmoja mwenye kichwa. Nikamwambia, Kibondo nzima yupo mmoja."

"Mimi?"

"Wewe peke yako. Lakini siri."

Isack akajikuna shingo. "Kaka Anatoli, mbona ya kwangu mwenyewe imenishinda? Si ndiyo maana nimekulipa?"

"Ya kwako ni kazi ya nyumbani," Anatoli akasema kwa upole, kama padri anayefafanua injili. "Ya mwenzako ni ajira."

Isack aliligeuza neno lile huku na huku akalikuta halina kasoro. Akapewa namba ya usajili ya mtu asiyemjua, maana mfumo ule ulionyesha namba tu bila jina, pamoja na sharti moja: alama zikiwa nzuri, analipwa; mfumo ukisema sifuri, halipwi.

Maneno hayohayo, pamoja na ile "wewe peke yako, lakini siri," Anatoli aliyasema kwa kila mwanafunzi wa Kibondo, kisha kwa kila mwanafunzi wa Kasulu. Akawapanga wawili wawili kama soksi. Wa Kasulu akafanya kazi ya wa Kibondo, wa Kibondo akafanya ya wa Kasulu. Kila mmoja alilipia kazi yake ifanywe, kisha akalipwa nusu ya hiyo hela ili afanye ya mwenzake. Nusu iliyobaki ilikwenda kwa mtaalamu, na mtaalamu aliishi mfukoni mwa shati la Anatoli. Namba yake yeye mwenyewe aliichomeka kwenye fungu la Dorcas, chini ya namba ya Isack, kama mtu anayechomeka soksi yake chafu kwenye nguo za mwenzake.

Basi watu ambao hawakuwa tayari kulisoma somo bure wakaanza kulisoma kwa ujira. Madam Mwamvua akawa hatoki darasani. Walimfuata mpaka mlangoni.

"Samahani Madam, kuna rafiki yangu haelewi gharama ya fursa."

"Huyo rafiki yako ana bidii."

"Sana, Madam. Nampenda kwa hilo."

Aliyefuata naye alikuwa na rafiki. Na wa nyuma yake. Madam akaandika kwao Tanga kwamba huku bara watu wana upendo wa ajabu.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Madam alipoamua kusoma majibu mazuri kwa sauti.

"Sikilizeni jibu la Dorcas kuhusu unyumbufu. Anasema: 'Bei ya sabuni yako ikipanda, bakiliya banakimbia kwa jirani yako. Bei ya chumvi ikipanda popote, bakiliya banalalamika lakini banabaki.' Vitabu vinatumia kurasa nzima kusema hivyo! Mpigieni makofi."

Wakapiga. Dorcas akasimama kuyapokea, maana makofi hayakataliwi, lakini alipoketi alikuwa ametulia kama paka. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, sasa ni raia wa hapahapa, wanalima Rungwe Mpya. Kwao husemwa Kirundi, na Kiswahili chake yeye ni cha kwaya, kilichopigwa pasi. "Bakiliya," yaani wateja, hajapata kuitamka. Hicho ni Kiswahili cha kambini, cha Wakongo, na anayekisema bila kujijua ni mtu anayeuza kitu langoni. Tena ile kazi ya namba ya kwanza aliyokuwa anaifanya yeye kwa siri, kama msaidizi pekee wa mtaalamu, kila wiki ilihusu asali na maharage ya soko la Kibondo.

Jumamosi iliyofuata alipofungua ile namba ya Kibondo ambayo hakumjua mwenyewe, akajibu maswali yote vizuri, kisha kwenye kisanduku cha mwisho akaandika neno moja: *Sokwe!*

Kwa Warundi, na kwa wengi waliokulia mpakani, kitendawili hakianzi kwa "kitendawili." Mtegaji husema "Sokwe!" na aliyelelewa jiko moja naye hujibu "Niruze!" Lakini Madam Mwamvua alilelewa kwenye jiko la Tanga, na kwake sokwe ni sokwe. Akaandika chini yake kwa wino mwekundu wa mtandaoni: *Sokwe hauzwi wala hanunuliwi. Ni mnyama anayelindwa na sheria. Tumia mfano wa maharage.*

Isack, kule Kibondo, alifungua ukurasa wake atazame alama, akayaona yote mawili. Alicheka mpaka mteja akaondoka na kipande cha sabuni kwa kudhani kimetolewa sadaka. Kisha, kwenye kisanduku cha ile namba anayoifanyia kazi yeye, akaandika: *Niruze!*

Madam akaandika chini: *Neno hili silijui. Nusu alama.*

Dorcas akaliona kwenye ukurasa wake mwenyewe. Wiki iliyofuata kisanduku kikaandikwa: *Wewe ni nani?* Jibu likarudi: *Isack, nauza sabuni Kibondo. Na wewe nani, unayenifanyia kazi yangu vizuri hivi?* Naye akamwandikia: *Mimi ni yule unayenisemesha bakiliya mbele ya darasa.*

Wakaendelea hivyo, na sitasema yote waliyoandikiana, mengine hayakuwa ya uchumi.

Mtihani ulipokaribia, wanafunzi wa Kibondo waliletwa Kasulu kwa marudio ya pamoja. Mchana wakajaa kwa Mama Uwimana, meza moja Kibondo, meza moja Kasulu, na Anatoli katikati akichambua samaki wa mgebuka kwa ustadi. Hakupenda kuwaona wote mahali pamoja, lakini mgebuka wa bure hakuuacha.

"Kaka Anatoli," Dorcas akasema kwa sauti ya kwaya, "kitendawili."

"Tega, dada."

"Nimelima shamba la jirani, mavuno yameota kwangu."

Anatoli akafuta vidole. "Nyuki."

"Siye."

"Mkwe."

"Mkwe halimi, anaangalia."

"Basi ni serikali."

"Hapana."

"Nimeshindwa," akasema kwa ukarimu, maana kushindwa kitendawili hakupunguzi mtu nyama.

"Nipe mji."

"Nakupa Kasanda."

"Kasanda nikafanye nini? Sitaki."

"Haya, nakupa Kibondo!" Akapunga mkono kama mkuu wa mkoa, na meza ya Kibondo ikashangilia.

"Nimepokea," akasema Dorcas. Unajua desturi: aliyepewa mji huenda, hula, hutembea, akasimulia alichokiona huko kabla hajatoa jibu. "Nimekwenda Kibondo, nimefika. Nimekuta kijana anauza sabuni langoni mwa kambi, na jioni ananifanyia kazi yangu ya nyumbani."

Isack akasimama kwenye meza yake. "Niruze!" akasema.

Mgebuka ukamkwama Anatoli. "Dada, toa jibu, tule."

"Jibu halijaiva. Ongeza mji."

"Sina."

"Unao. Si unakaa Kasulu?"

"Chukua Kasulu, basi, mradi unyamaze!"

"Nimepokea. Nimekwenda Kasulu, nimefika. Nimekuta binti anafanya kazi ya yule kijana wa Kibondo. Na katikati yao amekaa mtu mmoja, shati limenyooka, anakula kotekote."

Kisha mvulana mmoja wa Kibondo akauliza polepole, "Ina maana msaidizi pekee wa mtaalamu si mimi?"

"Wewe?" akashangaa msichana wa Kasulu. "Ni mimi!"

"Aliniambia Kibondo nzima yupo mmoja!"

"Mimi alinilia kiapo!"

"Hata mimi," akasema Mama Uwimana kutoka jikoni, mwiko mkononi, "aliniambia ni kwangu peke yangu anakula."

Hilo ndilo lililomvunjia heshima kuliko yote. Anatoli akasimama, akakung'uta shati. "Wapendwa, tusiharibu undugu. Mtaalamu—"

"Umegawa miji mbele ya mashahidi," Dorcas akasema. "Kibondo ni yangu, Kasulu ni yangu. Huna mteja hapa wala kule. Kasanda bado ipo, kama hawajakusikia."

"Na jibu? Desturi ni kunipa jibu."

"Mtoa miji kwa hila hapewi jibu. Siku utakapolijua, utaniambia."

Biashara ikafa mchana ule, bila hata matanga. Wanafunzi waliamua kila mmoja afanye kazi yake, na hapo ndipo walipogundua jambo la kushangaza kidogo, kwamba walikuwa wanaiweza. Kazi ya Anatoli tu ndiyo iliyokosa mikono. Hakutishika. Alijua mtihani nao ungekuwa mtandaoni, na mtandaoni watu wa kukodi hawakosekani. Alikwisha kumpata mmoja, wa Kigoma mjini, mwenye miwani.

Siku ya mtihani Madam Mwamvua aliingia ukumbini na rundo la karatasi na kalamu.

"Umeme wa huku siuamini," akasema. "Simu zote mezani kwangu."

Swali la kwanza lilikuwa yule mama wa soko la Kasulu na tangawizi yake. Pande zote kalamu zikalia kama mvua ya mabati. Anatoli aliandika jina lake vizuri sana. Akalipigia mstari. Akaona mstari umepinda, akaupiga tena.

Matokeo yalipotoka, Kasulu walipita wote na Kibondo walipita wote, isipokuwa mmoja. Madam akamwita ofisini.

"Kaa, mwanangu. Nataka nikushukuru."

Anatoli akakaa ukingoni mwa kiti.

"Tangu wiki ya pili nilihisi kuna jambo. Mfumo unanionyesha kila jaribio. Mtu anayenakili hupata moja kwa moja. Hawa walikuwa wanakosea, wanafikiri, wanajaribu tena, wanapata. Nikasema, hawa wanasoma! Nani amewaweza? Halafu nikasoma barua za Dorcas na Isack kwenye visanduku. Nikamuuliza mlinzi maana ya sokwe, nikaona aibu, nikaendelea kusoma mpaka nikalikuta jina lako."

"Na hukutukamata?"

"Nikukamate kwa kosa gani, la kufundisha? Wenzangu chuoni wanabishana kama kazi za mtandaoni zinamsaidia mwanafunzi wa uchumi. Mimi nimepata jibu. Zinasaidia sana, mradi kila mtu adhani anafanya ya mwenzake. Umekuwa msaidizi bora niliyewahi kupata, na mshahara wako wamekulipa wao."

Uso wa Anatoli ukachanua. "Kwa hiyo, Madam, hata mimi utanisaidia—"

"Wewe hukufanya ya mtu yeyote. Una sapu. Baada ya hapo ni disko."

Alikwenda nyumbani Nyakitonto. Mama Theodosia alikuwa analeta majani mabichi.

"Mwakeye, mama," akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mwana wanje. Mtazame Digrii alivyo. Katekista alipita jana, kauliza maini."

Anatoli alimtazama Digrii, Digrii akamtazama Anatoli, na kati ya wale wawili fahali ndiye aliyeonekana kuwa na raha zaidi. Akamweleza mama yake ukweli, kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema. Mama Theodosia hakulia. Aliuliza tu, "Huyo binti aliyekunyang'anya miji, anakaa Rungwe Mpya upande gani?"

Wiki haikuisha, Dorcas akamfuata Anatoli. Alikuta shati lake lina mikunjo isiyopangwa.

"Kaka Anatoli, wewe si mtu wa kawaida."

"Usinitanie, dada."

"Miji uliyonipa ina kazi nyingi, zimenizidi. Kuna mwanafunzi wa Kasanda anayesoma kwa mbali, anaitwa Tharsisi. Ana sapu kama wewe, lakini mvivu kupindukia, anatafuta wa kumfanyia mazoezi ya mtandaoni. Malipo kila Jumamosi, alama zikiwa nzuri. Nimekufikiria wewe."

"Mimi?"

"Wewe peke yako. Lakini siri."

Utasema, mtu aliyeyatunga maneno yale mwenyewe angeyasikia harufu. Sivyo. Mwuza dawa naye huumwa, tena akiumwa hununua ya mwenzake. Anatoli alitikisa kichwa, akafikiri, akaona kweli: katika watu wote wa Kasulu, anayefaa ni yeye.

Akaanza. Jumamosi ya kwanza mfumo ulisema sifuri, na sifuri hailipwi. Akakasirika, akaenda maktaba, mahali alipokuwa akipajua kwa nje. Akamtafuta Isack kwa simu amweleze habari ya sabuni na chumvi. Akamfuata Madam mlangoni: "Samahani, kuna rafiki yangu haelewi unyumbufu."

"Mwambie rafiki yako akae," Madam akasema, akavua koti.

Jumamosi zilizofuata alilipwa. Na kadiri alivyoelewa ndivyo alivyozidi kumchukia mwenye kazi. "Huyu Tharsisi ni mvivu wa kutisha!" alimwambia Mama Uwimana. "Somo lenyewe jepesi hivi! Babu yangu naye aliitwa Tharsisi, lakini yule alikuwa mchapakazi. Huyu sijui ni ukoo gani unaozaa watu wa namna hii."

"Yoo," akasema Mama Uwimana, akageukia sufuria lake ili acheke na moshi.

Siku ya sapu Madam alileta karatasi. Swali la kwanza lilikuwa la tangawizi. Anatoli alilijibu, akaongeza la chumvi bila kuulizwa, na jina lake akasahau kuliandika mpaka alipokumbushwa. Akapita.

Siku ya sherehe ua wa Mama Theodosia ulijaa. Alikuja Madam Mwamvua na koti lake. Walikuja Dorcas na Isack, wamekaa karibu kuliko wafanyavyo watu waliokutana kwenye uchumi. Katekista alikaa mbele kabisa. Nyimbo zikaimbwa, masufuria yakafunuliwa: maharage, ugali wa muhogo, maharage mengine. Katekista akachungulia sufuria la mwisho, akarudi kukaa kwa masikitiko ya kidini.

Anatoli akatazama zizini. Kamba ilikuwapo imening'inia.

"Mama, Digrii yuko wapi?"

"Umemla," akasema Mama Theodosia, akimpakulia mgeni.

"Mimi? Lini?"

"Kila Jumamosi, mwanangu. Ulianzia mkia. Ulidhani hela za Tharsisi zinatoka wapi?"

"Tharsisi si wa Kasanda?"

"Tharsisi ni babu yako. Nilimwazima jina, kwa kuwa lako lilikuwa limechakaa. Madam akampa namba, Dorcas akampa kazi, mimi nikampa fahali." Akaketi. "Na ule ukoo ulioutukana kwa Mama Uwimana ndio huu, umekaa hapa wote, unakula maharage."

Ua mzima ukamgeukia. Mdomo ule uliowahi kuuza baridi ulifunguka, ukafungwa, ukafunguka tena bila kutoa bidhaa.

Dorcas akaweka sahani chini. "Kaka Anatoli. Nimelima shamba la jirani, mavuno yameota kwangu."

Akatafuta mji wa kumpa, akaona hana. Akaitazama ile kamba ya zizini kwa muda, kisha akamtazama mama yake.

"Kazi ya nyumbani," akasema. "Ya mwenzio."